Wa Kulia

Nitasema ukweli, maana nimechoka kuuzunguka. Siku niliyopewa umeneja mkuu wa timu yetu hapa Nyeri niliogopa kuliko siku yoyote niliyowahi kusimama kando ya uwanja. Nilikuwa nimekuwa kocha miaka kumi na minne. Nilipiga kelele mpaka koo likaharibika, daktari akanikataza, ndipo kamati ikaona inipe heshima ya kukaa kwenye kiti. Mwenyekiti alisema kazi yenyewe ni rahisi: kocha mpya afundishe, mimi nichague wa kusajiliwa. Ati mtu aliyefundisha miaka yote hiyo atakosaje kujua nani ana kipaji. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nikijipangusa jasho viganjani, na ilikuwa ule msimu wa baridi ambapo mlima hauonekani wiki nzima.

Kuna kitu sikuwaambia. Sikuwahi kumjua mchezaji kwa kumtazama. Nilimjua kwa kumpigia kelele. Nilimweka uwanjani wiki tatu, nne, nikamfokea rudi, panua, usilale, kisha nikaangalia sauti yangu imemfanya nini. Aliyegeuka upesi nilimwita mahiri. Wangapi niliwaacha kwa sababu tu walikuwa wazito wa kusikia, Mungu ndiye anajua. Sasa nilitakiwa nikae juu kwenye ngazi za watazamaji, kimya, nimtazame mtu dakika tisini, halafu niseme ndiyo au hapana. Ilikuwa kama kuonja mchuzi kwa macho.

Nilikuwa pia na desturi moja ambayo mji mzima uliijua. Niliyemchukua nilimwendea mwenyewe, kwake au kazini kwake, nikampa mkono. Niliyemwacha alipata ujumbe kwenye simu. Kwa hivyo baada ya majaribio vijana walikuwa wakichungulia njia, na mama mmoja wa Karatina aliwahi kuacha kabichi zake sokoni akaja kunikumbatia kabla sijafungua mdomo. Desturi hiyo muiweke akilini, kwa sababu mimi mwenyewe niliisahau.

Tulibakiwa na nafasi moja ya usajili, ya beki wa kushoto. Walikuja wageni kumi na mmoja kujaribiwa dhidi ya timu yetu, na kati yao wawili ndio walioitaka nafasi hiyo; wengine walijaza timu tu. Mmoja alitoka upande wa Nanyuki, mrefu, fulana nambari tatu. Wa pili alikuwa fundi wa viatu hapa mtaani Majengo, fulana nambari saba. Huyu wa pili alikuwa na miaka ishirini na sita, na sheria ya kamati yetu ni kwamba mchezaji mpya asizidi hapo. Dirisha lingine la usajili lingefunguka akiwa ameshavuka. Kwake ilikuwa siku hiyo au basi.

Kabla ya mechi, kocha mpya alinijia. Alikuwa nahodha wangu zamani, na bado aliniita kocha.

"Kocha, nakuomba kitu moja," alisema. "Ukiwa huko juu, usipige kelele. Hawa wakisikia sauti yako hawanisikii mimi."

Aliniomba kwa heshima na alikuwa na haki. Nikapanda, nikakaa, nikafumba mdomo. Mpira ulipoanza nikagundua kwamba sioni kitu. Niliona watu wakikimbia. Niliona huyu ameanguka, yule amepiga. Lakini ile picha niliyozoea, ya nani anafikiri na nani anafuata mkumbo, haikuja. Nilijiambia, wewe mzee, miaka kumi na minne ulikuwa ukisikiliza sauti yako tu? Nikashika kalamu kwa nguvu, nikaandika chochote, ili wanakamati waliokaa nyuma yangu waone naandika. Kando ya nambari tatu niliandika "anajituma". Kando ya nambari saba niliandika maneno mawili: "wa kulia".

Siku tatu baadaye kamati ilikutana. Katibu wetu ni mama aliyestaafu ualimu, hapitishi neno bila kulikagua. Alichukua daftari langu, akasoma, akavua miwani. Akauliza mbele ya wote: huyu wa kulia, ni mguu ama ni machozi?

Wakacheka. Msimu uliopita tulikuwa na kipa aliyelia kila tukifungwa, na walikuwa hawajamsahau. Mimi nilijaribu kukumbuka. Mguu? Nilimwona akipiga kwa mguu wa kulia, ndiyo. Machozi? Nilimwona pia akijifuta uso kwa fulana, mara nyingi. Nilikuwa nimeandika nini hasa? Sikujua. Mwandiko ulikuwa wangu na sikujua. Woga ulinipanda kutoka miguuni, kwa sababu kama ningesema sijui, swali la pili lingekuwa: basi wewe unajua nini?

"Yote mawili," nikasema.

Walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Katibu naye akatoa methali yake, mchagua nazi hupata koroma, nasi wote pale tunajua viazi na majani chai, nazi tunaziona dukani. Kisha akapiga mstari juu ya nambari saba. Kwa maana yoyote ile alikuwa nje: beki wa kushoto hawezi kuwa wa mguu wa kulia, na mlizi hatukumtaka. Kesho yake, saa nne asubuhi, orodha ilipelekwa ikiwa na nambari tatu. Ilikuwa siku ya mwisho ya usajili.

Sikula mchana huo. Yale maneno mawili yalinikaa kifuani. Nikaona afadhali niende nimwone huyo mtu, nimuulize kwa ujanja ni wa mguu gani, nipate kutulia. Nikateremka Majengo kwa miguu. Kibanda chake kiko hatua chache kutoka msikitini, anakaa na fundi mwenzake. Nilimkuta ameinamia buti, nyundo mkononi. Mkono wa kushoto.

Nikasimama. Akainua macho, akaniona, na uso wake wote ukafunguka. Aliiweka nyundo chini polepole, akasimama, akajipangusa mikono kwenye aproni, akanyoosha mkono.

"Kocha," alisema. "Aki umekuja mwenyewe."

Hapo ndipo nilipoikumbuka desturi yangu. Yule mwenzake alikuwa ameshamshika bega. Mwanamke wa kibanda cha pili aliuliza kuna nini, akajibiwa amechukuliwa, kocha amekuja mwenyewe. Naye nambari saba machozi yakamtoka, akacheka huku akijifuta kwa mkono wa nguo. Nilitamani ardhi inimeze. Nimewahi kufungwa mabao saba nyumbani na sikuogopa namna ile.

Niliupokea mkono wake, kwa sababu sikujua la kufanya na mkono ulionyooshwa. Nikamwambia sikuja kwa hilo. Nikamwambia orodha imeenda, na yeye hayumo.

Mwenzake akaliacha bega. Yeye alikaa chini, akachukua nyundo, akaitazama. Nikamuuliza mbona siku ile alicheza kulia na yeye ni wa kushoto.

"Kocha mpya alinipanga huko," akasema. "Nikamwambia mimi ni wa kushoto, akasema hapo tayari kuko na mtu, nishike kulia. Sasa ningefanya nini? Si ni kushika."

Basi. Hicho ndicho nilichokuwa nimeandika. Si mguu, si machozi. Niliandika mahali mtu aliposimama. Dakika tisini alikuwa ameshika upande usio wake, kwa mguu usio wake, na hakuna winga wetu aliyempita. Sasa nilikumbuka vizuri kwamba hakuna aliyempita. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu na sikujua kwamba nimeliona.

Nikageuka kuondoka. Yeye aliiangalia miguu yangu.

"Soli yako imeachama, kocha. Kaa hapo, vua nikushonee."

Nikasema haina haja. Akanisogezea kigoda. Nikakaa, nikavua kiatu kimoja, soksi yangu imetoboka kidole, watu wanapita wanatazama. Alifanya kazi bila haraka. Alilijua jeraha la kiatu kabla ya kuligusa, akavuta uzi kwa kiasi, hakurudia shimo hata mara moja, na hakuna aliyekuwa akimpigia kelele. Nilimtazama kimya, na kwa mara ya kwanza tangu nipewe kile kiti niliona kila kitu.

"Cha kulia nimemaliza," alisema akinirudishia. "Lete cha kushoto."

Nikainama kufungua kamba. Nilibaki nimeinama muda mrefu kuliko kamba zilivyohitaji, asiuone uso wangu.