Nimemfokea mjukuu wangu kwa kuketi kazini

Leo asubuhi, karibu miaka sabini tangu niondoke Thika kuja huku ng'ambo, nimemfokea mjukuu wangu kwenye simu mpaka mkubwa wake akaja.

Njoki anashona nguo kiwandani, Ruiru. Amenipigia simu ya video, namwona ameketi, anakunywa chai. Cherehani zote za umeme kimya.

"Guka, stima imepotea."

Nimeshtuka. "Inuka! Shika ufagio! Nyapara akikukuta hivyo?"

Maskini, kwa kuniheshimu akashika ufagio, akafagia sakafu iliyokuwa safi.

Msimamizi akatokea, mama wa makamo.

"Wewe Njoki, nani amekutuma kufagia?"

"Ni guka, babu yangu."

Akainamia simu akicheka. "Guka, mwache akae. Kungoja stima pia ni kazi, na tunailipa."

Kulipwa ukiwa umeketi!

Nyinyi mlio huko, siku hizi ni hivyo kweli?

Miaka ya hamsini mama yangu alifanya kazi katika kiwanda cha mkonge, Thika. Mashine ikiharibika, aliyeonekana ameketi alirudishwa nyumbani na siku yake ikapotea. Basi mama aliinama akiokota nyuzi ambazo hazikuwepo, mpaka mashine iwake tena. Hata nyumbani simkumbuki akiketi bila kitu mkononi.

"Rudi basi, guka, ujionee," msimamizi akaniambia nilipomsimulia hayo.

Nilichotaka kuona nimekiona. Njoki ameketi tena, na chai yake bado ina moto.

Mimi sitarudi.