Ya Kijivu Haiko

Jumatatu nilipita kwenye kampuni ndogo inayoshona nguo za michezo hapa mtaani kwetu Nengo, nikamkuta kijana mmoja akibishana na mama mwenye kampuni. Mbele yao kulikuwa na fulana za kukimbilia za rangi ya machungwa, njano na waridi kali.

"Mama, hizi rangi zinapiga kelele. Ya kijivu haiko?"

"Haiko."

"Hata moja? Donc, yaani mutu muzima atavaa hii?"

Mama aliweka mkasi chini. Akaikunja fulana ya machungwa taratibu, kisha akaikunjua tena.

"Bwana yangu alikuwa anakimbiaka asubuhi, barabara ya Rugerero. Siku ile ukungu ilikuwa mingi, na alivaa ya kijivu. Dereva aliyemugonga aliapa hakumuona. Mi nilimuamini. Mazishi ikapita, nikanunua kitambaa ya machungwa, nikaanza kushona."

Kijana aliichukua ile ya machungwa. Alilipa, akaivaa palepale juu ya shati.

Kampuni kubwa huandika historia yao ukutani. Ya mama huyu hupita barabarani kila alfajiri, nasi tunaicheka, eti wakimbiaji wetu wamekuwa kasuku.

Kijana alipoondoka, mama alisimama mlangoni akimtazama. Kijana alifika mbali sana, na bado alionekana.