Kengele ya Gari la Mkuu

Dereva wa mkuu wa zimamoto alibandikwa jina la Taratibu kwa utani tu, maana enzi zake hata kuku wa mtaani walijua kumpisha. Gari lake lilikuwa jekundu, la kizamani, lenye kengele ya shaba ubavuni. Kila walipotoka kwenye moto, mkuu alimwagiza aigonge kwenye kona ya nyumbani, mkewe ajue kwamba mumewe anarudi mzima.

Sasa wote wawili ni wastaafu. Kituo kilipopata gari jipya, lile kuukuu aliachiwa Taratibu alitunze, kwani lilikuwa na kiburi, haliwaki kwa mtu mwingine. Mkuu naye kumbukumbu zilikuwa zikimtoka. Alimwita mkewe “dada” na kumshukuru kwa chai kama mgeni. Lakini kila alasiri alivaa kofia ya kazi, akakaa barazani kungoja gari. Lisipokuja, alitoka kwa miguu kuufuata moto anaoujua mwenyewe. Mara ya mwisho walimkuta katikati ya barabara kuu, malori yakimkwepa. Basi Taratibu akawa anakuja kila siku kumzungusha mtaa. Wakisharudi, mzee anakula na kulala vizuri. Taratibu hakuona taabu, alimpenda mno mtu yule.

Siku moja, mkuu akiwa ameshapanda, gari likazimika pale pale mlangoni. Taratibu alizungusha hendeli mpaka shati likamganda mgongoni. Gari likakohoa, likanyamaza.

“Tunachelewa. Watu wanaungua,” mkuu alisema, mkono tayari kwenye kitasa.

“Kaa, mkuu. Linawaka sasa hivi.” Taratibu alijua mzee akishuka hashikiki tena.

Mke wa mkuu alikuwa ameshavua kandambili. “Shika usukani, baba. Nasukuma mimi.”

“Mama, na magoti hayo?”

“Magoti yangu yanakuhusu nini? Toa breki.”

Fundi cherehani wa jirani aliacha shati la watu kwenye sindano, akaja kusaidia. Gari likaanza kujikokota kwa kusukumwa, injini imezimika, na kwa mara ya kwanza Taratibu akaendesha kama jina lake. Wakauzunguka mtaa, mkuu ametulia kitini, anatazama mbele. Walipofika kwenye kona ya nyumbani, alimgusa dereva wake bega.

“Moto tumeuzima?”

“Tumeuzima, mkuu. Hakuna aliyeumia.”

“Basi gonga kengele. Mke wangu hatulii mpaka aisikie.”

Taratibu akatupa jicho kwenye kioo. Yule mama alikuwa ameinama nyuma ya buti, anahema, kitambaa kimemteleza kichwani. Madirisha yalikuwa wazi na maneno yalikuwa yamemfikia. Taratibu akatoa mkono dirishani. Akagonga.

“Nimeisikia, mume wangu,” mama alijibu kutoka nyuma, akaendelea kusukuma.