Uji wa Timu

Juzi nilimkuta baba sebuleni kwake mjini Blaine, huku ughaibuni, akilalamika kwamba timu yetu ya besiboli imeanza tena kuporomoka mwishoni mwa msimu. Nikacheka, maana nilikumbuka alasiri moja tulipokuwa bado tunaishi kwenye fleti kule Fridley, mimi nikiwa mtoto mdogo.

Nyumba ilinukia iliki na mafuta ya maandazi. Baba alikuwa ameinamia redio akisikiliza mechi ya timu hiyo, akisema polepole, "Hali yao mbaya. Sijui kama watafika Oktoba." Alimaanisha mechi za mtoano za mwezi huo, lakini mimi sauti ile niliijua: ndiyo aliyoitumia kwenye simu akiulizia wagonjwa wa kwetu kule Moshi. Nikaamini wachezaji wote wanaumwa, na kwetu hatuendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Nikamwomba mama uji, naye akanijazia kwenye chupa ya chai, akidhani nina njaa. Nikavaa viatu, nikasimama mbele ya baba.

"Twende tukawaone."

Akainuka, akaleta vikombe viwili.

Akaniambia, "Tunywe sisi kwanza, mama. Wanaouguza nao wanahitaji nguvu."

Leo nimeamka mapema nikapika uji, naupeleka Blaine. Timu imebakiza mechi sita, na mgonjwa bado anapumua.