Mama Alisonga Ugali Hewani

Jiwe likikatwa huku likimwagiwa maji hutoa harufu ya mvua ya kwanza inapoangukia majabali ya Mwanza. Harufu hiyo niliijua nikiwa darasa la tatu, likizo ya Desemba, baba alipoamua kwamba mama apumzike na moshi wa mkaa wa uani. Alileta nyumbani kwetu Kisesa jiwe la granaiti, jeusi lenye chembe za kijivu, kipande cha mwisho katika karakana moja ya Mirongo. Halikuwa na mwenzake. Wanaume sita walilibeba hadi jikoni na kulilaza juu ya kuta fupi za matofali, na wiki nzima mama akawa analipangusa kwa kanga kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.

Fundi Masalu alikuja kutoboa nafasi mbili: ya sinki chini ya dirisha, na ya jiko la gesi karibu na ukuta wa kushoto. Alikuwa mtu wa utaratibu. Sinki alililaza kifudifudi juu ya jiwe, akalizungushia penseli, kisha akachora mstari mwingine kwa ndani, upana wa kidole, kwa sababu ukifuata mstari wa nje sinki linatumbukia lote. "Maji yakimwagika hayazoleki," aliniambia, "na jiwe likitobolewa halizibiki." Kwa upande wa jiko hakutegemea futi pekee. Desturi yake ilikuwa kumsimamisha mpishi na mwiko mkononi, asonge ugali hewani, ili aone kiwiko kinafika wapi.

Siku hiyo bibi, mama yake baba, alikuwa amevuka kwa kivuko kutoka Sengerema kuja kuliona jiwe. Alikaa kwenye kigoda mlangoni. Mama akashika mwiko, akainamisha macho, akasonga. Fundi akaweka alama shubiri moja kutoka ukutani, akavaa miwani, akawasha grenda. Mimi nilikuwa mtoto wa kutazama sana.

"Mama," nikapaza sauti kuishinda mashine, "mbona leo unasongea mkono wa kulia?"

Grenda ikazimwa. Jicho alilonitupia mama nalikumbuka hadi leo. Sisi nyumbani tulijua anapikia kushoto, lakini mkono huo haukuhesabiwa kuwa wa adabu mbele ya mkwe. Bibi akija, mlango wa jiko la uani ulifungwa.

"Kumbe ndiyo maana mlango hufungwa!" bibi akasema. "Mama Neema, ugali wako nimeula miaka yote hii na nimeshiba. Kwani tumbo linajua mkono?"

"Haya, mama," fundi akadakia, "sasa songa kweli."

Mama akahamisha mwiko. Kiwiko kikagonga ukuta, ko! Bibi akacheka mpaka kigoda kikayumba. Fundi akafuta alama, akasogea shubiri mbili zaidi, ndipo akakata. Kipande kilichotoka katikati bibi alikidai, akaondoka nacho kwenda kuwekea mtungi wake wa maji.

Sasa nimepanga mjini. Jiko langu nililikuta limeshatobolewa, zuri, linang'aa, na kila jioni kiwiko changu cha kushoto kinagonga ukuta. Aliyelikata hakumuuliza mtu. Sinung'uniki sana. Jumapili nikienda Kisesa mama hukaa kwenye kigoda cha bibi, nami nasonga juu ya jiwe lile, kwa kushoto, mlango ukiwa wazi.