Taa ya Kulia

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu alikuja na kigari chake kikivuta tela la kubebea mizinga ya nyuki. Akasimama mbele ya nyumba yangu hapa Tabora, akaniomba jambo dogo tu. "Shangazi, nisaidie. Simama hapo nyuma, uniambie kama indiketa ya kulia inawaka." Nikasimama. Taa ikaanza kukonyeza. Nami, mtu mzima mwenye wajukuu, kwanza nikakunja na kukunjua vidole vya mkono wangu wa kushoto, ndipo nikajibu. Kijana akadhani masikio yangu yameanza kuzeeka. Hakujua kwamba amenirudisha Kitete, kwenye ua wetu wa miaka ile ya Ujamaa, wakati mkono huo ulipokuwa umefungwa.

Basi kaa kitako, rafiki yangu, nikusimulie.

Bibi, mama yake mama, alikuja kuishi nasi baada ya watu wa kijiji chake kuhamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, kando ya barabara kuu. Kijiji chake cha zamani kilikuwa magharibi ya mji, kwenye njia waliyopita wapagazi wa misafara wakienda Ujiji, na babu wa babu yangu alikuwa mmoja wao. Wenzake bibi walijenga upya. Yeye alikuwa mjane, magoti yamekwisha kumwasi, kwa hiyo mama akamleta mjini. Alikuja na kanga zake, chungu kimoja na kikapu cha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo mpaka leo nikivitafuna nasikia harufu ya moshi wa kwake.

Kitanda chake kikabaki. Kilikuwa cha mninga, babu alikichonga mwenyewe kabla hajamwoa. Juu yake bibi alizaa watoto wake wote, na juu yake babu alikata roho. Mama alimpa kitanda chetu cha chuma, nacho kililia kila alipogeuka. "Sitaki kufia kitanda cha watu," alisema, akiwa anamenya karanga au anachambua mlenda, bila kumtazama mtu, kama anayeongea na mboga. Alisema hivyo kila siku, na kila siku mama alifuta macho akisingizia moshi.

Lakini kitanda hakikuwa taabu yake pekee. Kwa desturi ya kwao, mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakai pamoja, hawali pamoja, wala hawasemezani ana kwa ana. Ni heshima hiyo. Kule kijijini, penye nafasi tele, heshima haikumbana mtu. Kwetu palikuwa na vyumba viwili, kibanda cha kuku kilichogeuzwa stoo, na ua mwembamba wenye ukuta. Baba alipotoka kazini kwenye karakana ya reli, alikohoa mlangoni, na bibi akainuka taratibu, akaingia chumba cha nyuma chenye kidirisha kimoja. Akakaa humo mpaka baba atoke tena. Alisikia kicheko chetu, alisikia honi ya treni stesheni, akala peke yake. Nilimwonea huruma sana, na nilimwogopa vilevile.

Nilimwogopa kwa sababu ya mkono. Mimi nilizaliwa wa mashoto. Mama alikuwa ananiambia tu, "Kula kwa mkono mzuri," nami nakula kwa mzuri mpaka akigeuka. Bibi hakuwa mtu wa kugeuka. Alichana kipande cha kanga yake nyekundu iliyochakaa, akanifunga vidole vya kushoto vikawa ngumi. "Samaki mkunje angali mbichi," akasema. Kutwa nzima ngumi ile ilikuwa na joto na jasho. Nilijimwagia uji, nilishindwa mchezo wa rede, wenzangu wakaniita bondia. Nilikuwa nalala nayo.

Maneno kati ya bibi na baba yalipita kwangu. "Mwambie baba yako chumvi imekwisha." "Mwambie bibi yako nimesikia." Wamekaa hatua chache tu, ukuta katikati, wote wanasikiana, na bado ilinibidi nikimbie huku na huku nikirudia kila neno.

Siku moja bibi akanituma neno zito kuliko chumvi. "Mwambie baba yako, mvua ikinyesha ile nyumba itaanguka, na kitanda changu kitakuwa chini yake." Baba akavua kofia yake. Kisha akasema, "Mwambie bibi yako nitakifuata."

Tulikuwa na gari dogo, mgongo kama kobe, baba alilinunua kwa mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa limechoka, lakini lilitembea. Kitanda cha mninga hakiingii ndani ya kobe, kwa hiyo baba akaunda tela. Kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma, na vyuma vilimtii: ekseli kuukuu, mbao za kreti, ndoano nyuma ya gari. Tatizo likawa taa. Kwenye kizuizi cha barabara ya magharibi, tela lisilo na taa lilirudishwa bila mjadala. Na siku ya mapumziko ya baba ilikuwa Jumapili, ambayo miaka ile, kwa amri ya serikali ya kubana mafuta, ikifika saa nane mchana gari la mtu binafsi lilitakiwa liwe limelala. Mawingu yalikuwa yamekwisha kuanza kujikusanya.

Umeme baba hakuujua. Akamwita jirani yetu, fundi redio, mtu mwembamba mwenye maneno mengi. Jumamosi mchana wakaanza. Duniani kote, nadhani, waya hizi huwa na rangi tofauti ili mtu asichanganye. Kwetu vitu vilikuwa adimu; jirani alikuwa na waya nyeusi tupu. Ya breki nyeusi, ya taa ndogo nyeusi, ya kulia nyeusi, ya kushoto nyeusi. Njia ya kuzitambua ilikuwa moja: baba akae kwenye usukani awashe, jirani achutame kwenye ndoano aunganishe, na mtu mwenye macho asimame nyuma ya tela aseme ipi imewaka. Mtu huyo nilikuwa mimi, na ngumi yangu nyekundu.

Mwanzoni taa zote ziliwaka kwa pamoja, hafifu, kama zina homa. Jirani akasema athi, ile njia ya kurudishia umeme, haishiki, akakwangua rangi kwenye chuma cha tela mpaka king'ae, akafunga waya pale. Breki ikawaka vizuri. Tukashangilia.

"Sasa indiketa!" baba akaita. "Naweka kulia. Ipi hiyo?"

"Kushoto!" nikajibu.

Jirani akaguna, akabadilisha waya. "Tena!"

"Kulia!"

"Alhamdulillahi," baba akasema, akashuka aje aone kwa macho yake. Taa iliyokuwa inakonyeza ilikuwa ya kushoto. Wakatazamana. Wakarudisha waya zilivyokuwa, wakaniuliza upya, nikawajibu upya kwa sauti ya kujiamini. Hakuna aliyenishuku mimi; jirani akaanza kulaumu swichi. Akafungua kila kitu. Jua likazidi kushuka, baba akavua shati, jirani akaapa kwamba gari hili limerogwa. Mama akaleta chai ya asali, maana sukari ilikuwa ya kusikia, wakainywa bila kuonja. Mimi nikaona midomo ya baba imekauka, nikajua kwamba kesho hatuendi, na kwamba bibi atafia kitanda cha chuma.

Bibi alikuwa anaona yote kupitia kidirisha chake. Alikuwa ameshajua kosa liko wapi, nadhani tangu mapema, lakini angemwambiaje mkwewe, tena mbele ya jirani? Mwishowe akaniita kwa sauti ndogo.

"Njoo hapa. Mkono wa kulia ni upi?"

Nikainua ngumi.

"Nani kakufundisha?"

"Mwalimu wa chekechea. Alisema kulia ni mkono tunaolia chakula."

Na ndivyo alivyosema mwalimu! Mpaka leo sikubali kwamba nilikosea. Mkono niliolia mimi, kila nilipopata nafasi, ulikuwa huu. Ule mwingine nilikuwa nalia nao machozi tu. Bibi akaitazama ile ngumi. "Nenda," akasema, "mwambie baba yako: kulia kwa huyu mtoto ni kushoto."

Nikaenda nikasema hivyohivyo. Jirani akakaa chini kwenye vumbi akacheka mpaka akakohoa. Baba akacheka pia. Bibi hakucheka, nilimsikia akifunga kidirisha. Jua lilipokuwa linazama taa zilikuwa zinawaka kila moja mahali pake.

Tuliondoka alfajiri, baba mbele, mimi na bibi nyuma, yeye amejifunika kanga mpaka kichwani asionane na mkwewe kwenye kioo. Kizuizini askari akazunguka tela. "Washa kulia." Ikawaka. Akatupungia tupite.

Kijiji hakikuwapo. Kulikuwa na kuta, muhogo uliojiotea, na mbuzi wa watu wasiojulikana. Nyumba ya bibi ilikuwa bado ina nusu ya paa. Kitanda kilikuwa ndani, kimejaa vumbi na majani, kizima. Baba akaenda kupanga kamba kwenye tela. Bibi akapangusa mbao kwa kiganja, akakaa, akanyoosha miguu. Kisha akasema, "Mwambie baba yako aende. Mimi sirudi."

Nikatoka nikamwambia. Baba akaishika kofia yake kwa mikono miwili. "Mwambie bibi yako hakuna mtu hapa, hakuna maji. Mwambie saa zinakwenda. Mwambie nimemwomba sana."

Nikarudi nikamwambia. "Mwacha asili ni mtumwa," akajibu, na hilo hakunituma nilipeleke. Nikakaa karibu naye. Njiwa walikuwa wanalia kwenye kenchi za paa. Akaniuliza, "Wewe unataka kurudi mjini?"

"Sitaki."

"Kwa nini?"

Nikamwonyesha ngumi. Nikaanza kulia.

Bibi akauchukua mkono wangu akauweka mapajani. Fundo lilikuwa limekaza kwa jasho, akalifungua kwa meno. Vidole vilipokunjuka viliniuma, vilikuwa vyeupe na vimekunjamana. Akavisugua kimoja kimoja. "Basi," akasema, "mmoja wetu afunguliwe." Akajiinua kwa kushika ukuta. "Mwambie baba yako aje achukue kitanda. Narudi."

Kitanda kilizidi tela, miguu yake miwili ikajitokeza nyuma. Sheria ilitaka mzigo wa namna ile ufungwe kitambaa chekundu, na baba alikuwa amesahau. Bibi akanipa kile kipande cha kanga. Nilikifunga mwenyewe, kwa mkono wangu. Njia nzima niligeuka nyuma kukitazama kikipepea, na bibi hakugeuka hata mara moja. Tuliingia Kitete kabla ya saa nane.

Kitanda kilijaza chumba cha nyuma chote, pakabaki pa kupita kwa ubavu. Baba akaendelea kukohoa mlangoni, bibi akaendelea kuingia ndani. Hakunifunga tena, wala hakuruhusu mtu anifunge. Alifariki akiwa juu ya mninga wake, mvua ya kwanza ya mwaka mwingine ikinyesha, na baba, ambaye hakuwahi kumsemesha ana kwa ana, alisimama nje ya kidirisha akasema kwa sauti, "Mama, ahsante kwa kukaa nasi." Sikuambiwa nilipeleke neno hilo. Lilikuwa limechelewa.

Leo ua ule umekuwa vyumba vya kupanga, kobe letu liliozea nyuma ya gereji, na kule kwa bibi pamelimwa tumbaku, huwezi kujua kwamba watu walizaliwa pale. Waya zina rangi sasa. Hakuna mkwe anayejificha, na sijui kama hilo nilifurahie au nilihuzunikie. Nakumbuka tu jinsi alivyouma lile fundo kwa meno machache aliyokuwa nayo. Angeweza kubaki kwao siku ile, na alirudi ndani ya ukuta wetu.

Haya yote nimeyaandika kwa mkono alioufungua. Wa kulia, kwa maana yangu.