Wanataka Nipige Magoti kwa Sababu Nilicheka kwenye Theluji

Admin, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze makali.

Mimi ni mjane wa miaka thelathini na mbili, mama wa binti mmoja wa miaka saba. Nililelewa Kenya tukiwa wakimbizi, nikaolewa hapa Juba. Mume wangu alikuwa mpakiaji wa mizigo kwenye bandari ya mtoni. Aliugua ghafla, akafa. Baadaye nikapata kibali cha kufanya kazi Canada, na kwa kuwa kilikuwa changu peke yangu, nikamwacha binti yangu kwa bibi yake mzaa baba, kule Gumbo pembeni mwa Juba, mpaka karatasi zake zikamilike. Zimekamilika. Nimekuja kumchukua, na wakwe zangu wamekataa kumtoa. Sababu? Video yangu nikicheka.

Canada nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Muda wote chini ya sare nilivaa nguo nyeusi, maana desturi ya huku mjane huvaa nyeusi mpaka ukoo ufanye karama, ile sala ya kumaliza msiba. Karama yenyewe wakwe zangu wameiahirisha mara mbili, lakini anayeulizwa ni mimi.

Jumamosi moja wenzangu wa kazi wakanivuta kwenda kilimani kucheza kwenye theluji. Mama mmoja Mfilipino, rafiki yangu wa zamu, akaniazima suti nene ya baridi, nyekundu ya kuonekana kutoka mbali. Nikakuta watu wazima na akili zao wamebeba vitu kama makarai ya plastiki, wanapanda kilima ili washuke wakiteleza kwa makalio. Nikasema hawa ni wagonjwa. Wakaniketisha kwenye karai, Mfilipino nyuma yangu, tukasukumwa.

Jamani! Nilimwita Yesu, nikamwita mama yangu, tukapinduka, theluji ikaniingia mpaka kwenye meno. Halafu nikacheka. Nilicheka mpaka machozi, na machozi yakawa ya kweli, kwa sababu tangu nimzike mume wangu sikuwa nimeisikia hiyo sauti ikitoka kwangu. Nikapanda tena.

Mwenzetu mmoja alirekodi akaweka mtandaoni. Video ikafika Gumbo kabla yangu.

Jumapili iliyopita baada ya kanisa waliniitia kikao. Mama mkwe akaweka simu mezani mbele ya wazee wa ukoo, wakanitazama nikiteremka kile kilima. Akasema, "Mtoto yangu iko chini ya udongo, wewe iko nateleza, nacheka. Ya mara, wewe mwanamke, huna haya?" Simchukii. Alimzaa, na uchungu wake naujua. Lakini wazee wakaamua: Jumapili hii nipige magoti mbele ya ukoo wote niseme nilimdharau marehemu. Nisipofanya hivyo, mtoto ni wao. Pasipoti yake anayo shemeji yangu.

Huyo shemeji si mtu mbaya. Alikulia Uganda, anapenda mambo yaishe kwa amani. Akanivuta pembeni. "Shemeji, wewe sema tu bosi alilazimisha wewe. Sema ndani ya ile nguo nyekundu ilikuwa na nyeusi. Kalas, maneno naisha."

Na ni kweli, ndani nilivaa nyeusi. Nikamuuliza, "Na kucheka je? Nako nililazimishwa?"

Akakuna kichwa. "Hiyo kucheka... sema ni baridi. Mdomo ilikuwa natetemeka."

Hapana! Bosi hakunilazimisha, na baridi haikunichekesha. Nilimuuguza mume wangu kwa mikono hii, nikamwosha, nikamlilia mpaka sauti ikakauka. Wakati huo hakuna aliyerekodi. Leo meno yangu yameonekana kidogo, ndiyo nimekuwa mke mbaya? Sitasema uongo ili nipewe ruhusa ya kuwa na mwanangu.

Mama yangu mzazi naye ananipigia simu: "Piga magoti, chukua mtoto, panda ndege. Maneno ni maneno tu." Labda yuko sahihi. Magoti yangu hayaogopi sakafu, huko kazini nayapiga kila siku. Ningeweza hata kumeza hiyo aibu na kuondoka zangu.

Ila wameongeza sharti moja. Wanataka binti yangu asimame pale mbele, aone, ili ajifunze. Na huyo mtoto alimzika baba yake. Tangu nifike nimemsuka, nimemlisha, nimemwimbia, sijamsikia akicheka hata mara moja. Nikitamka mbele yake kwamba kucheka kwangu kulikuwa kosa, nani atakuja kumwambia kwamba yeye anaruhusiwa?

Ndege yetu ni wiki ijayo. Nishaurini, nifanye nini?